Wewe si Unajua Kisukuma

Akina mama waliokaa kwenye benchi nje ya wodi ya wanaume walianza kujitanda khanga kabla Krupa hajawafikia. Mmoja aliyekuwa ananyonyesha alimtoa mtoto kwenye titi, akainuka, akaenda zake bombani, na bomba lenyewe lilikuwa kavu tangu alfajiri. Wengine waliinamisha macho. Bibi mmoja mwishoni mwa benchi alikuwa anachezesha midomo; huenda alikuwa anasali, huenda alikuwa anatukana.

Krupa alikuwa amekuja kuchukua beseni. Beseni tu, la kumwogeshea mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Alitamani awaambie hivyo, lakini huwezi kumwendea mama wa Kisukuma ukaanza na habari za beseni. Kwanza unapiga goti kidogo, unamwamkia, unauliza nyumbani wanaendeleaje, ng'ombe je, mvua je, ndipo unatoa lililokuleta. Na salamu hiyo, ikitoka kinywani mwake yeye, ndiyo waliyokuwa wanaiogopa. Basi alipita kimya kama mtu asiyelelewa, akaingia wodini, akalichukua beseni. Aliporudi nalo mikononi aliwasikia wanashusha pumzi.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, tena la siku ya kwanza. Krupa alizaliwa Shinyanga mjini, mtaa wa Kambarage, nyuma ya duka la baba yake Vipul, duka la vitenge, sare za shule na masufuria. Amekulia juu ya kaunta. Wateja wengi walikuwa watu wa vijijini, wa Kishapu huko na Songwa, na baba yake alikuwa na msemo wake kwamba mteja asiyeamkiwa hafungui fundo la khanga. Kwa hiyo Kisukuma hakukisomea, alikipata hapo hapo pamoja na karanga za wateja. Alipokuja upande wa Geita kusoma uuguzi, na darasa lao likapelekwa hospitali kwa mafunzo ya vitendo, alimkuta bibi mmoja kwenye dirisha la mapokezi anafokewa kwa Kiswahili asichokielewa. Krupa akapiga goti.

"Mwangaluka, mayu."

Habari za asubuhi, mama. Hakusema zaidi ya hapo. Korido nzima ilicheka kwa furaha. Mhindi anaongea Kisukuma, jamani! Walimshika mikono, wakamshika nywele, wakamuuliza yeye ni wa ukoo gani. Alijisikia raha, na ilikuwa haki yake, kwa sababu tangu afike chuoni hapakuwa na mtu aliyemgusa hata bega.

Masalu alikuwa amesimama mlangoni pa wodi ya wanaume, anaona yote.

Masalu ndiye tabibu wa wodi hiyo, Msukuma wa kuzaliwa, jina lenyewe linasema. Lakini ukimuuliza atakwambia amekulia Tabora, shule za bweni, Kisukuma chenyewe kimempotea. Krupa aliamini hivyo mpaka mchana mmoja alipomsikia nyuma ya stoo anaongea na mama yake kwenye simu, Kisukuma kinamtiririka, na utani ndani yake. Wala hakuwa peke yake. Mfagiaji wa korido alikijua, mlinzi wa geti alikijua, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto alikijua vizuri sana. Wote walikuwa wamejifunza kutokukijua. Afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi ya kuwapa ndugu habari za msiba ilikuwa yake, alihamishwa na hakuletwa mwingine, na kiti chake siku hizi kinatundikiwa makoti.

Kwa hiyo mgonjwa wa kijijini akifariki, Masalu alikuwa anatoka nyuma ya pazia, anavua glavu, anamtafuta Krupa kwa macho. Mwambie, anasema. Halafu anakwenda kunawa. Habari zikaenea. Wewe si unajua Kisukuma? Wakamwita wodi ya watoto, wakamwita wodi ya wazazi, wakamwita chumba cha dharura wakiletwa wachimbaji waliofukiwa na duara, yale mashimo yao ya dhahabu yasiyo na hata gogo la kushikilia ukuta. Walimtoa darasani. Walimtoa mezani na kijiko kimejaa.

Darasani nako walifundishwa jambo hilo hilo. Sista Zipora, mkufunzi wao wa mawasiliano na huruma kwa mgonjwa, aliwakaririsha: tafuta chumba tulivu, keti, usisimame, muulize ndugu anajua nini tayari, sema neno lenyewe, usizungukezunguke, kisha mpe muda. Mtihani wa vitendo ulifanyika kwa mwanasesere wa plastiki aliyelazwa kitandani, na mwanafunzi mwenzao akajifanya mjane. Krupa alipata alama za juu kuliko wote, Sista Zipora akampigia makofi. Chumba tulivu hospitalini hakikuwepo. Kulikuwa na benchi, na bomba kavu, na watu wanaopita na machela.

Basi alijitengenezea utaratibu wake. Aliona ni dharau kumtupia mtu kifo bila salamu, kwa hiyo alikuwa anapiga goti na kuamkia kwa urefu, kama dukani kwao. Mama wa watu anaitikia yote, nyumbani salama, ng'ombe salama, mvua kidogo tu, huku macho yanamtoka. Ndipo Krupa anaketi sakafuni karibu naye, anasema. Muda ulivyokwenda benchi likajifunza. Waliokaa sana waliwafundisha wageni: yule mtoto wa Kihindi akikupigia goti, jifunge khanga kiunoni, mtu wako hayupo.

Mambo hayo yakaanza kumla. Ugali na maharage ya bwenini vilikuwa vinamkwama kooni. Vidole vilikufa ganzi katikati ya kazi, akawa anavichua kwenye sare yake asionekane. Wenzake hawakuwa watu wabaya. Hosiana, wa kitanda cha jirani, alimtania asubuhi moja, usinisalimie mimi Kisukuma bwana, nina mama mzee nyumbani. Wote walicheka na Krupa akacheka. Tangu siku hiyo aliacha kumwanza mtu kwa salamu. Alikuwa anangoja aanzwe yeye, na asubuhi nyingi hakuna aliyekumbuka. Alipojaribu kumweleza mmoja wao, aliulizwa Mhindi ana shida gani na baba yake ana duka. Baba mwenyewe alikuwa anapiga simu Jumapili. Anamsimulia jinsi anavyowaambia wateja kwamba binti yake anaongea na wagonjwa kwa lugha yao, na sauti inamtetemeka kwa fahari. Krupa anajibu naendelea vizuri, baba. Ungemwambia nini mzee wa watu?

Chuoni kulikuwa na mlango ulioandikwa Chumba cha Ushauri kwa Wanafunzi. Aliujaribu. Ndani mlikuwa na vitanda vibovu, vimepangwa mpaka dari. Akaenda ofisini kwa Sista Zipora.

Sista Zipora alimsikiliza, asisingiziwe, ila alimsikiliza huku anasahihisha mitihani. Krupa alieleza vibaya. Alianza na ganzi ya vidole, akarukia kwa akina mama wanaojitanda khanga, akarudi kwenye chakula. Aliona aibu kusema kwamba anaogopa kuamkia watu.

"Sasa unataka nini hasa?" Sista aliuliza.

"Mtu mwingine aseme, Sista. Hata kwa wiki moja tu."

"Mtu gani? Huruma ni kipaji, Krupa. Wengine tunawafundisha mpaka wanahitimu na hawaipati." Aligeuza karatasi. "Na mjumbe hauawi, mwanangu. Kaza moyo. Sisi wote tumepita huko."

Ni kweli, mjumbe hauawi. Krupa alisema ahsante Sista, akarudi wodini.

Siku hizo ndipo alipoletwa Boaz. Duara lilimporomokea, likamfunika kuanzia kiunoni kwenda chini, na wenzake wakamchimbua kwa sururu na mikono. Mama yake alitoka Songwa kwa basi, akafika na furushi kichwani, na alipomwona Krupa tu akamkazia macho. Akamuuliza kama yeye si yule mtoto wa kwa Vipul, aliyekuwa anakaa juu ya kaunta anaonjaonja karanga za watu. Ndiye. Boaz alinunuliwa pale sare ya darasa la kwanza, kaptula kubwa, akue nayo. Mama Boaz alicheka mpaka akapangusa macho.

Huyo hakumwogopa. Pengine benchi hawakumwambia, pengine walimwambia akapuuza. Kila mchana alimwita, akafungua kitambaa chenye matobolwa, vile viazi vya kuchemsha vilivyoanikwa juani vikakauka, wakaketi sakafuni wakatafuna. Matobolwa hayakumkwama. Krupa alikuwa anamwamkia, anaitikiwa, anauliza ng'ombe, anajibiwa ng'ombe, na hakuna aliyekufa. Ilikuwa salamu tu. Kama kuna kitu alikipenda katika hospitali ile yote, kilikuwa hicho, na alimwomba Mungu wake na Mungu wa Mama Boaz kwamba Boaz apone, ili siku moja tu amkute mtu kwenye benchi na ampe habari njema kwa Kisukuma.

Figo za Boaz zilikataa. Alikufa mchana, jua kali. Masalu alitoka nyuma ya pazia anavua glavu.

"Mwambie."

"Dokta, huyu naomba umwambie wewe."

"Mimi tena? Wewe si unajua Kisukuma?" Na alikuwa ameshageuka kwenda kunawa.

Nje, gari la wagonjwa lilikuwa linatoka getini na king'ora, limembeba mjamzito anayepelekwa Mwanza. Mama Boaz alikuwa amesimama analitazama. Krupa alipiga goti. Akaamkia. Mama Boaz aliitikia ya nyumbani, akaitikia ya ng'ombe, alipofika kwenye mvua akaacha. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama lile gari ndilo linalompeleka mwanawe Mwanza kwa mabingwa.

Sema neno lenyewe, usizungukezunguke. Krupa alikuwa nalo, limefika kwenye meno. Alifungua kinywa na kilichotoka ni eeh.

"Wabeja," alisema Mama Boaz. Ahsante. Akamshika uso kwa viganja vyote viwili. "Wabeja, ng'wanone." Ahsante mwanangu. Alikusanya furushi lake, akamwachia matobolwa yaliyobaki, akaenda stendi nusu anakimbia. Akina mama wa kwenye benchi walimtazama Krupa usoni, na hakuna aliyejitanda khanga.

Alipaswa kumkimbilia, na alijua. Alijiambia nitamfuata sasa hivi, halafu akajiambia kesho nitatafuta namba ya ndugu zake. Aliketi pale sakafuni akala matobolwa yote. Jioni alilala fofofo, kitu ambacho kilikuwa kimemtoka kwa muda mrefu.

Mama Boaz alizunguka Mwanza, geti hili na lile, anataja jina la mwanawe. Kabla ya hapo, akiwa bado njiani, alikuwa ameazima simu ya abiria mwenzake akampigia mdogo wake Davis: Boaz amepelekwa kwa mabingwa. Songwa wakafurahi, wakachinja mbuzi. Davis ndiye aliyemfuata baadaye, akasoma vibao, akauliza kwa Kiswahili, akajua kwamba jina hilo halijawahi kufika Mwanza. Wakarudi. Walimkuta Boaz mochwari, pale pale alipokuwa siku zote, na jina lake limeandikwa sawasawa kwenye kibandiko cha mguuni. Hakuna aliyekuwa amewatafuta ndugu zake waje kumchukua. Baada ya maziko Davis alikwenda kwenye redio ya wilaya, akasema.

Mpaka saa sita mchana hospitali nzima ilikuwa imesikia. Watu ambao hawakuwahi kumuuliza Krupa amekula nini, sasa walimuuliza kila kitu. Simu ya baba yake iliita, ikaita tena, hakuipokea.

Kamati ya nidhamu ilikaa siku chache baadaye, asubuhi, maktaba ya chuo. Sista Zipora alikuwa mwenyekiti, Masalu aliwakilisha hospitali, na kulikuwa na katibu. Shtaka lilikuwa kutoa taarifa za uongo kwa ndugu wa marehemu, na adhabu yake ni kufukuzwa. Krupa alikuwa amebakiza muhula wa mwisho. Alipoambiwa ajitetee alisema nilichoka. Katibu aliuliza aandike kuchoka kwa namna gani, na Krupa hakujua. Masalu alipoulizwa alisema utaratibu ulifuatwa. Yeye alimwagiza mwanafunzi, na mwanafunzi alikuwa anaifanya kazi hiyo siku zote bila kulalamika. Sista Zipora alipanga karatasi zake, hakuongeza neno.

Wakamwita Mama Boaz. Davis alizuiwa getini, kwa sababu yule wa redioni hatakiwi ndani. Mama aliingia peke yake, kichwa kimenyolewa kwa msiba, akaketi kwenye ncha ya kiti. Sista Zipora alimuuliza kwa Kiswahili, polepole na kwa sauti kubwa, aeleze kilichotokea. Mama Boaz alimtazama tu. Sista akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Halafu mmoja baada ya mwingine wakageuza macho kwa Krupa.

"Haya, tafsiri," alisema Sista Zipora. "Maneno yake tu. Usiongeze."

Krupa alipiga goti, maana hakujua njia nyingine ya kuanza. Akaamkia. Mama Boaz aliitikia nyumbani, akaitikia ng'ombe, akaitikia na mvua. Kisha akasema kwa Kisukuma, akimtazama yeye, meza ile hakuitazama hata mara moja.

"Sijakusamehe. Kwetu walichinja mbuzi wakala kwa furaha, huku mwanangu yuko kwenye barafu. Hilo sijui litanitoka lini. Lakini habari ya gari nilikuuliza mimi. Benchi walishaniambia, nilikuona unapiga goti, nikajua. Nikakuwekea neno kinywani ili usiseme lile jingine. Ndani ya basi, njia nzima mpaka Mwanza, nilikuwa bado mama mwenye mwana." Alimwinamia Krupa. "Sasa niambie. Hawa watu wazima wote wana midomo. Nani alikuwa anakutuma wewe, mtoto wa watu, kila siku?"

Kalamu ya Masalu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Alikuwa amesikia kila neno, na Krupa aliona kwamba amesikia.

"Anasemaje?" Sista Zipora aliuliza.

Krupa alimtazama Masalu. Alimngoja. Neno moja tu lingetosha, wala si yote. Masalu alivuta glasi ya maji, akanywa taratibu, akairudisha mahali pake.

Na nani angemwamini mshtakiwa anayejitafsiria utetezi?

"Anasema hajanisamehe," alisema Krupa. Katibu aliandika.

"Amesema maneno mengi kuliko hayo."

"Anauliza ni nani aliyekuwa ananituma."

Sista Zipora aliangalia karatasi zake, akamwangalia Masalu, akarudi kwenye karatasi. "Hilo haliko mbele ya kamati leo. Mwambie tumemsikia, na tunampa pole."

Krupa alimwambia. Mama Boaz hakusema wabeja.

Katibu alikuwa bado anaandika mlango ulipofunguliwa. Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, barakoa imeshuka kidevuni. Aliomba radhi. Kuna binti wa kijijini amefia kwenye upasuaji, alisema, na mama yake yuko nje, haelewi Kiswahili, anataka kuingia aone amepata mjukuu wa kike au wa kiume. Daktari anaomba mtu anayejua Kisukuma. Masalu alikunja miguu chini ya kiti.

Sista Zipora alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Krupa, nenda mara moja," alisema. "Ukimaliza urudi, tumalizie uamuzi juu yako."

Korido ilikuwa imejaa jua. Akina mama wa benchi la wazazi walimwona kwa mbali, khanga zikapanda vichwani, mmoja mmoja. Aliyebaki kichwa wazi alikuwa mgeni, mwanamke wa makamo, amepakata kikapu chenye nguo za kichanga, mpya, zingali kwenye nailoni yake. Wa pembeni yake alimnong'oneza kitu. Krupa alifika, akapiga goti.

"Mwangaluka, mayu."

Mwanamke alimtazama goti, kisha uso. Kwa Wasukuma salamu haikataliwi, hata adui huitikiwa. Lakini huyu alifunga mdomo, akakibana kikapu kifuani, akageuka akautazama ukuta. Muuguzi alikuwa mlangoni, anaangalia saa. Krupa alibaki pale chini na goti lake sakafuni, hawezi kusema na hawezi kuinuka, anangoja aitikiwe.